Kabla hujanunua supachaja ya Toyota 86, niambie gari linalala wapi

"Kaka, nichukue supachaja gani?" Swali hili hunijia mara kwa mara kutoka kwa wenye Toyota 86, gari dogo la michezo, na aghalabu huja na picha ya karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu za gari) kutoka Marekani, namba ya farasi 280 au 300 imezungushiwa duara jekundu. Nami huwauliza: gari linalala Nairobi au Mombasa? Baadhi hudhani nawakwepa. Siwakwepi, nusu ya jibu imo humo.

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na kazi yake ni kuzidisha presha ya hewa inayoikuta nje na kuisukumia injini ili itoe nguvu zaidi. Huku Mombasa, usawa wa bahari, hewa ina presha ya PSI 14.7 (pauni kwa inchi ya mraba). Nairobi, juu ya mita 1,600, ni kama 12 tu, ndiyo maana 86 ya farasi 200 ikipanda huko hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla hujaigusa. Sasa chukua kompresa inayozidisha hewa mara moja na nusu. Nairobi itatoa 18, na geji yako, inayosoma ziada tu juu ya hewa ya nje, itasoma 6. Mombasa itatoa 22, geji isome zaidi ya 7. Puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, ni ile ile, mkanda ule ule, lakini pistoni zimeongezewa mzigo ambao fundi wa Nairobi hakuuona kwenye daino yake. Tabo ya kisasa, inayozungushwa na moshi wa injini badala ya mkanda, inaweza kujirekebisha kwa vali yake. Supachaja hufuata puli tu. Ukichanganya na joto la Mombasa la mwezi Machi, injini huanza kunoki, yaani petroli hulipuka ovyo ndani yake, na wewe umewasha redio husikii.

Kwa hiyo la kwanza kabla ya kuchagua mtambo ni kutafuta fundi wa programu ya kompyuta ya injini, anayekubali kuitengeneza programu hiyo kwa miinuko yote miwili. Gari langu lilifungiwa mtambo Nairobi. Nilimwambia fundi mapema kwamba gari ni la pwani, akapunguza muda wa cheche kwenye presha ambazo huko juu lisingezifikia kamwe, kisha nikawa narekodi data huku chini na kumtumia, naye anarekebisha. Ilichukua muda. Gereji nyingine niliyoiuliza ilinijibu, "Sisi tunaweka programu ya kampuni, bwana, imeshajaribiwa." Imejaribiwa wapi, na kwa petroli gani?

Hapo kwenye petroli ndipo wengi hupotea. Pampu za Marekani huandika oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili bila kunoki, kwa wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Sisi tunatumia RON peke yake. Petroli yao ya 93 ni kama 98 ya RON, na 91 yao inakaribiana na 95 yetu. Kijana anaona programu imeandikwa 93, anajaza 95 na kujiona amezidisha, kumbe amepungukiwa. Na zile namba kubwa kabisa mnazoziona mitandaoni mara nyingi ni za E85, ethanoli ambayo hapa hakuna kituo utakachoikuta. Injini ya 86, FA20, imetoka kiwandani na uwiano wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1. Huo uko juu sana kwa injini inayosukumiwa hewa. Haina nafasi ya kukosea petroli.

Haya, mitambo yenyewe. HKS ya Japani na Jackson Racing ya Marekani wanauza ya feni, yaani senta: gurudumu dogo linalozunguka hadi karibu mara 100,000 kwa dakika. Ile ya Jackson hutumia kompresa ya Rotrex kutoka Denmark, yenye mafuta yake maalumu na kipoza chake, si oili ya injini. Ni mitambo safi, haipashi hewa moto sana, na konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti ya injini, huipenda kwa sababu presha hupanda taratibu. Tatizo langu nayo liko humo humo. Presha ya senta hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: ikitoa PSI 7 injini ikiwa kwenye mizunguko 7,400 kwa dakika, basi kwenye 3,700 hupati hata 2. Na 86 ina bonde lake maarufu, kati ya mizunguko 3,500 na 4,500, ambapo injini hulegea kama imesahau kitu.

Sasa nifikirie niko baada ya Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi, nyuma ya malori matatu, gia ya tatu, mbele kuna nafasi fupi ya kupita. Nguvu naitaka hapo hapo, si sekunde nne baadaye. Ndiyo maana nilichagua aina ya rota, yenye rota mbili zinazosukuma hewa kila zikizunguka, zile za Eaton TVS zinazotumiwa na Harrop wa Australia na Edelbrock wa Marekani, zikiwa na kipoza cha maji cha kupoza hewa ndani ya manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Ukikanyaga, hewa ipo. Sprintex, nao Waaustralia, wana ya skrubu mbili yenye tabia inayofanana, ila toleo unaloliona uliza kama lina kipoza. Lisilo nacho mimi nisingelifunga Mombasa hata kwa bure.

Gharama ya uamuzi wangu ni joto. Mtambo unakaa juu ya injini, na foleni ya feri ya Likoni huupika vilivyo. Maji ya kipoza yakishachemka nusu saa pale, ukishuka ng'ambo usikanyage mpaka gari liende kilomita kadhaa likipigwa na upepo. Mwenye kuendesha zaidi viwanja vya mashindano, au anayekaa Nairobi na kupenda kuisikia injini ikilia juu, achukue senta, sitabishana naye.

Usinunue puli ndogo, ile ya kuzungusha mtambo kwa kasi zaidi ili presha ipande. Utashawishiwa, na huwa ni bei ya chakula cha jioni ukilinganisha na mtambo. Konrodi za FA20 ndizo huachia kwanza, na za rota huzikandamiza mapema, kwenye mizunguko ya chini. Mimi nilikomea farasi 250 na puli iliyokuja kwenye boksi.

Klachi ya kiwandani itaanza kuteleza, itengee pesa. Kipoza cha oili si pambo. Bima waambie kwa maandishi, la sivyo siku ya ajali utaongea peke yako.

Na unapoagiza, agiza mikanda mitatu kwa pamoja. Urefu wake si wa kawaida, maduka ya spea huku hawana, na ukikatika Voi siku ya Jumapili gari haliendi: kwenye vifaa vingi mkanda huo huo ndio unaozungusha alteneta. Uweke mmoja kwenye buti pamoja na spana ya kukazia, na mwambie fundi akuonyeshe njia yake ya kupita kwenye puli kabla hujatoka gereji. Piga picha.