Kamba ya nailoni gotini?

Kaka, pole kwa ndugu yako. Umeuliza kwa nini goti lake, lililochanika ligamenti (kamba inayofunga mfupa kwa mfupa) akicheza mpira hapa Kisumu, lisiwekewe tu uzi imara kama wa nyavu za wavuvi wa Dunga. Hilo lilishajaribiwa. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliweka nyuzi za kaboni, poliesta, hata Gore-Tex, aina ya plastiki. Mwanzoni goti linakaza vizuri sana. Shida ni kwamba goti hukunjwa mamilioni ya mara, uzi unasuguana na mfupa, unachakaa, na vumbi lake linafanya kiungo kivimbe. Uzi usio hai haujitengenezi, mwili unajitengeneza. Ndiyo maana hadi leo wapasuaji wengi huchukua kano (kamba inayofunga msuli kwenye mfupa) ya mgonjwa mwenyewe, ya paja au ya chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti.

Kwa gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa, mambo yanatia moyo zaidi. Yenyewe ni maji mengi yaliyoshikwa na nyuzi za kolajeni, aina ya protini. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walifuma nyuzi za sintetiki kwa pande tatu kama kikapu kilichoshonwa kwa unene, kisha wakazijaza jeli yenye chembe hai. Jeli peke yake hupondeka, nyuzi ndizo zinazobeba uzito.

Lakini hiyo bado ni kazi ya utafiti. Mtu akikuuzia "gegedu ya plastiki" sasa hivi, tafadhali usimpe hata shilingi. Mpeleke kijana kwa daktari wa mifupa, na mazoezi ya fiziotherapia asiyaruke.