Programu mbili zote zaandika 3.2.0, ipi ni ya asili na ipi imeguswa?

Swali: Assalaam aleikum kaka. Duka letu liko Kongowea, twatumia programu ya stoo tuliyoitoa mtandaoni bure, kisha kijana mmoja akatubadilishia msimbo wake risiti zitoke tunavyotaka. Sasa kompyuta mbili zote zaonyesha toleo 3.2.0 lakini moja yakosea VAT. Nitajuaje ipi imeguswa?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo 3.2.0 usiitegemee, ni maandishi tu ndani ya programu, kijana asipoyagusa yatabaki vilevile hata akibadilisha kila kitu kingine.

Anza na faili la kuinstoli lililotumika kwa kila kompyuta. Kwa Windows fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), andika Get-FileHash halafu jina la faili, utapata herufi na tarakimu 64, hiyo ndiyo SHA-256, kama alama ya kidole ya faili, sasa ilinganishe na ile waundaji walioiweka kwa tovuti yao na ikitofautiana hata herufi moja (kubwa au ndogo si hoja) basi si faili lao.

Kisha mshike kijana. Kama alitumia Git, programu ya kuweka kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, aingie kwa folda yake aandike git describe --tags --dirty. Ikitoka tagi (alama ya toleo) ya waundaji peke yake, yaani v3.2.0, hapo sawa. Ikitoka kitu kama v3.2.0-5-g1a2b3c4-dirty, maana yake kuna komiti 5, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa mara 5, baada ya tagi, hizo herufi na tarakimu baada ya g ni kitambulisho cha komiti ya mwisho, na dirty yasema kuna mafaili ameyabadilisha na hajayakomiti. Hiyo dirty yaniudhi mno, manake programu iliyotoka hapo hata yeye mwenyewe huenda asiweze kuitengeneza tena vilevile, na iko kaunta yahesabu pesa za watu!

Kuanzia sasa aiite 3.2.0+kongowea.1. Kwa SemVer, yaani kanuni za kupanga namba za matoleo, kinachofuata alama ya kujumlisha hakihesabiwi kujua toleo lipi ni jipya, kwa hivyo 3.2.1 ya waundaji ikija itaonekana mpya kama inavyostahili. Asijiitie 3.3.0 kabisa, wenyewe wakitoa 3.3.0 yao kompyuta yaweza kudhani tayari mko nayo na marekebisho yawapite hivi hivi.

Na hiyo VAT, fanyeni bakapu kwanza, halafu mwijaribu hesabu ileile kwa programu ya asili. Ikikosea pia waandikieni waundaji, ikitoa sawa basi hiyo ni kazi ya kijana wenu, wale hawana la kuwasaidia.