Maswali na majibu: Junagadh, Nawabu na kura za watu wake

Wiki hii wengi mmeuliza jinsi Junagadh, dola ya Nawabu (cheo cha mtawala Mwislamu) huko Kathiawar, Gujarat, magharibi mwa India, ilivyoingia India baada ya Mwingereza kuondoka. Nimechagua maswali machache.

Shikamoo Mwalimu. Dola za wafalme si zilikuwa tayari sehemu ya India mwaka 1947? (Tanga)

Marahaba. Hapana, na nimelijibu hili mara nyingi. Zilikuwa zaidi ya 560, na mamlaka ya Mwingereza juu yake yalikoma alipoondoka. Kila mtawala akatakiwa kuchagua India au Pakistani. Hati ya kujiunga ilikabidhi mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano.

Nawabu alitia sahihi kwenda Pakistani. India iliingia kwa haki gani? Sahihi ni sahihi. (Mombasa)

Hapo ndipo tunapogombana. Nawabu Mahabat Khan alikuwa Mwislamu, na raia wake wengi mno walikuwa Wahindu. Alipochagua Pakistani, Agosti 1947, hakuwauliza wakulima wake wala wavuvi wa Veraval. Chukua ramani uitazame: Junagadh haikupakana na Pakistani hata kidogo. Kwenda Karachi, mji wa Pakistani, ulishuka bandarini Veraval ukapanda chombo.

Pakistani ikakubali mwezi Septemba. India nayo ikabana njia za bidhaa, na tarehe 25 mwezi huohuo serikali ya muda ikaundwa Bombay chini ya Samaldas Gandhi, mpwa wa Mahatma Gandhi. Oktoba Nawabu akarukia Karachi. Waziri wake mkuu, Shah Nawaz Bhutto, baba yake Zulfikar Ali Bhutto aliyekuja kuitawala Pakistani, akabaki na dola isiyo na fedha wala chakula cha kutosha, na ni yeye aliyeiomba India ije ishike utawala. Ikaingia tarehe 9 Novemba. Kura ilipopigwa Februari 1948, katika kura zaidi ya 190,000 walioitaka Pakistani walikuwa 91.

Nchi si shamba la mtu mmoja auze apendavyo. Lakini sitaficha: kura ile ilipigwa askari wa India wakiwa wameshaingia. Ilipaswa kutangulia. Naamini jibu lingekuwa lilelile, ila leo pasingekuwa na wa kulitilia shaka.

Kwa nini Wahindi wa Junagadh waliwakataa Waislamu? (Arusha)

Mhindi ni mtu wa India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Waislamu wa Junagadh nao walikuwa Wahindi. Tengeneza swali, uandike tena.

Ni kweli Nawabu alikimbia na mbwa wake? (Nairobi)

Mbwa aliwapenda na alikuwa nao wengi. Acheni kusambaza kisa hicho peke yake, kimewafunika watu waliobaki nyuma.

Na Kashmir je? (Dar es Salaam)

Kule mambo yaligeuka: Maharaja Hari Singh alikuwa Mhindu, raia wake wengi Waislamu. Alitia sahihi kwenda India tarehe 26 Oktoba 1947, wavamizi wakiukaribia mji wake mkuu, Srinagar. Kura waliyoahidiwa watu wake haijapigwa hadi leo. Anayeikumbatia sahihi ya mmoja na kuikataa ya mwenzake anatetea upande wake tu, awe wa Delhi au wa Islamabad.

Sisi yanatuhusu nini? (Zanzibar)

Kando ya msitu wa Gir, hukohuko Kathiawar, kuna kijiji cha Jambur. Wanaishi humo Wasidi, uzao wa Waafrika waliovushwa bahari, na ngoma yao wanaiita goma. Wengi ni Waislamu, na ni raia wa India. Hapo kwenu Unguja pia wapo wenye asili ya Kathiawar na Kachi. Kama una jirani mzee wa huko, nenda ukamsikilize leo, uandike anachosema pamoja na mwaka na jina la kijiji. Wanaokumbuka wamebaki wachache.