Dada, usilipie hayo madarasa kabla hujafungua ASSIST, tovuti ya kulinganisha masomo ya koleji na ya chuo kikuu

Dada, simama kwanza. Umeandika kwamba unataka kuhamia chuo kikuu kusomea Historia, na mshauri wa koleji yako ya jamii hapo Sacramento amekwambia uchague madarasa yoyote ya historia unayoyapenda, kwa sababu "yote yanahamishika", yaani chuo kikuu kitayapokea. Moyo umenipiga paa. Ndiyo maneno yaleyale niliyoambiwa mimi.

Kuhamishika si kuhesabika! Nilisoma historia ya Afrika, ya California, ya Asia ya Mashariki na ya wanawake wa Marekani, uniti (alama za uzito wa somo) 3 kila moja, nikapata A nne. Zote zilipokelewa chuo kikuu. Lakini siku ya kupanga masomo, mama wa idara alinigeuzia kioo cha kompyuta, akashuka na kalamu mstari kwa mstari: hiari, hiari, hiari, hiari. Uniti 12, na kwenye safu ya meja, yaani somo kuu la shahada, hazimo. Walichotaka ni historia ya dunia sehemu zote mbili na ya Marekani sehemu zote mbili. Nilikuwa na nusu moja tu ya Marekani. Historia ya Afrika niliyokesha nayo kwa fahari, hiari!

Nikarudi kukaa na watoto wa mwaka wa kwanza, nikilipa ada ya chuo kikuu kwa masomo ambayo sisi wakazi wa California tunayapata koleji kwa dola 46 kwa uniti. Muhula mzima wa kubeba boksi usiku uliishia hapo. Na yule mshauri? Dakika kumi na tano nilizokaa naye hakufungua ASSIST hata mara moja, na kazi yake ndiyo hiyo. Bado namkasirikia.

Ingia assist.org. Chagua mwaka, koleji yako, chuo kikuu unachokitaka, kisha fungua meja ya Historia. Usiishie kwenye orodha ya masomo yanayohamishika, hapo ndipo tunaponasa. Upande mmoja utaona somo linalotakiwa, upande wa pili namba ya darasa la koleji yako linalolingana nalo. Namba isipokuwepo, usilichukue kwa ajili ya meja. Umetaja vyuo vikuu vya Davis na Sacramento State: kila kimoja kina ukurasa wake, fungua vyote viwili.

Umesema unalipa Ijumaa. Fungua leo usiku, uweke hapa namba za madarasa uliyochagua, tuzipitie pamoja moja moja.