Chora kwanza, ndipo ufanye intigresheni: ushauri kuhusu eneo kati ya mikunjo

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapokaribia, wanafunzi wa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ninaowafundisha tuisheni hapa Dodoma huniletea tatizo la aina moja: wamepewa milinganyo miwili, wametakiwa kutafuta eneo lililo kati ya mikunjo yake, na jibu walilolipata halilingani na lile la nyuma ya kitabu. Nikipitia daftari, mara nyingi naona intigresheni yenyewe, yaani hesabu ya kujumlisha vipande vyembamba ili kupata eneo, imefanywa vizuri kabisa, ila mchoro haupo. Kwa hiyo ninawashauri wasiandike alama ya intigrali kabla hawajachora mikunjo yote miwili, hata kwa mkono bila rula, na kuonyesha mahali inapokutana. Baadhi yao huona kwamba ninawapotezea muda.

Ukipita Mpunguzi au Hombolo utakuta mashamba ya zabibu. Chukulia shamba lililopakana upande mmoja na barabara iliyonyooka, na upande wa pili na korongo lililopinda. Eneo lake halipatikani kwa kanuni ya mstatili wala ya pembetatu. Lakini mizabibu ikipandwa kwa mistari yenye nafasi sawa, kila mstari ukianzia barabarani na kuishia korongoni, tunaweza kuzidisha urefu wa kila mstari kwa nafasi hiyo, tukajumlisha yote, na kupata makadirio ambayo huzidi kukaribia eneo halisi kadiri nafasi inavyopunguzwa. Intigrali ndiyo kikomo cha jumla hiyo. Kinachoandikwa ndani yake, basi, ni urefu wa mstari mmoja, yaani mkunjo wa juu kutoa mkunjo wa chini, na mchoro ndio unaokuonyesha upi uko juu.

Tuchukue y = x² na y = x + 2. Tukisawazisha pande mbili tunapata x² − x − 2 = 0, na mikunjo inakutana pale x = −1 na x = 2. Kati ya nukta hizo mstari ulionyooka uko juu ya parabola, yaani mkunjo wa y = x², kwa hiyo tunatafuta intigrali ya (x + 2 − x²) kuanzia −1 hadi 2. Jibu ni 9/2.

Swali linalowasumbua wengi zaidi ni lile la y = x³ na y = x. Mwanafunzi asiyechora huona makutano ya x = −1 na x = 1, akafanya intigresheni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akapata sifuri, ingawa eneo lipo na linaonekana kwa macho. Mikunjo hii hukutana pia kwenye x = 0, na hapo hubadilishana nafasi: upande wa kushoto x³ iko juu, upande wa kulia iko chini. Kila upande una eneo la 1/4, na jumla ni 1/2. Wapo wanaodhani kwamba tatizo limeletwa na sehemu iliyo chini ya mhimili wa x. Sivyo. Ukishatoa mkunjo wa chini kutoka kwa wa juu, mhimili hauna kazi tena; kinachobadilisha alama ni mikunjo kupishana.

Mchoro hukusaidia pia kuchagua mwelekeo wa vipande, yaani ile mistari tunayoijumlisha kama ya mizabibu. Kwa x = y² na y = x − 2, vipande vya wima vinakulazimisha kugawa eneo mara mbili, kwa sababu kuanzia x = 0 hadi x = 1 kila kipande kinaishia kwenye parabola juu na chini, na kuanzia x = 1 hadi x = 4 upande wa chini unashikwa na mstari ulionyooka. Sehemu ya kwanza inatoa 4/3, ya pili 19/6. Vipande vya mlalo havihitaji mgawanyo huo: tafuta intigrali ya (y + 2 − y²) kuanzia y = −1 hadi y = 2, na 9/2 inatoka kwa hatua moja. Bila shaka umeona kwamba ni swali letu la kwanza, x na y zikiwa zimebadilishana nafasi.

Kuhusu kuhakiki jibu, nawapenda wanafunzi wanaomkumbuka Archimedes wa Syracuse, aliyethibitisha katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwamba eneo lililokatwa na mstari kwenye parabola ni 4/3 ya eneo la pembetatu fulani iliyo ndani yake. Katika mfano wetu wa kwanza, vipeo viwili vya pembetatu hiyo ni nukta za makutano, (−1, 1) na (2, 4), na cha tatu kiko kwenye parabola pale x inapokuwa katikati, yaani (1/2, 1/4). Eneo la pembetatu ni 27/8. Lizidishe kwa 4/3, unapata 9/2.

Njia hiyo ni ya parabola na mstari ulionyooka tu. Kwa y = x³ na y = x, tazama upande wa kulia wa mchoro: eneo lote limo ndani ya pembetatu iliyo chini ya y = x, ambayo ukubwa wake ni 1/2, kwa hiyo 1/4 inawezekana, na jibu lolote linalozidi 1/2 kwa upande huo lifutwe.