Kabla ya kutoa, piga simu: maswali ya wasomaji kuhusu misaada ya hospitali na afya ya jamii

Barua za safari hii zimetoka kwa watu ambao nia wanayo, na wengine hata vitu wanavyo mkononi. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha.

Chama chetu kimepewa mashine mbili za ultrasaundi na moja ya eksirei na hospitali inayobadilisha vifaa vyake. Zote zinafanya kazi. Tunataka kuzipeleka hospitali ndogo. Tuanze na usafiri au na vibali?

Anzeni na simu kwa mganga mfawidhi, na msizungumze na yeye peke yake. Ombeni pia kuongea na fundi wa vifaa tiba. Mkiambiwa hospitali haina fundi, hapo mmeshapata nusu ya jibu.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliopitia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu hazikuwa za ajabu: waliopaswa kuvitumia hawakufundishwa, hakukuwa na utaratibu wa matengenezo na vipuri, au umeme na maji havikutosha. Mashine iliyokufa si hasara ya mtoaji tu. Inakula chumba, na kuiondoa kwenye vitabu vya mali ya hospitali ni safari ndefu ya karatasi, ndiyo maana utazikuta zimepangwa kwenye korido miaka nenda miaka rudi.

Eksirei ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Inahitaji chumba chenye kuta zinazozuia mionzi, kibali cha mamlaka inayosimamia mionzi, umeme wa nguvu ya kutosha, mtaalamu wa kupiga picha, na mtu wa kuzisoma. Ultrasaundi ni rahisi zaidi, ila kile kichwa kinachopitishwa mwilini kikidondoka kinaharibika, na bei yake inaweza kuwashangaza. Angalieni volti pia: mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 110 ikichomekwa kwenye 230 bila kibadilishaji, itaungua siku hiyo hiyo. Na kama siku moja mtapewa mashine ya maabara, ulizeni kama inakubali vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kampuni yake tu. Zipo nyingi za namna hiyo, na vitendanishi vikiisha ndiyo imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo watoaji wengi hawalioni. Mganga mfawidhi akiulizwa "mnaihitaji hii?" atajibu "karibuni sana". Anajua akikataa leo, kesho hamtapiga simu tena. Kwa hiyo msimuulize hivyo. Mwambieni: "Tungekupa fedha taslimu sawa na gharama ya kusafirisha na kufunga mashine hizi, ungenunua nini kwanza?" Akitaja ultrasaundi, pelekeni ultrasaundi. Akitaja betri za jokofu la chanjo au mitungi ya oksijeni, basi mmejibiwa, na eksirei itafutiwe mahali pengine.

Baba yetu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Zimebaki dawa nyingi za gharama, nyingine hazijafunguliwa. Hospitali inaweza kuzipokea zikawasaidia wengine?

Poleni kwa msiba. Dawa hazifai, hata zilizofungwa. Hakuna anayejua zilihifadhiwa kwenye joto gani tangu zitoke kwa mfamasia, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho 1999, inakataza dawa zilizokwisha kukabidhiwa mgonjwa zisirudi kutolewa kama msaada. Inataka pia dawa zinazovuka mpaka zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake.

Masharti hayo hayakutungwa na watu waliokosa kazi. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia mwaka 1988 zilifika kiasi cha tani 5,000 za dawa na vifaa vya tiba kutoka pande zote za dunia. Watu 50 walitumia miezi sita kuzichambua tu, wakati majeruhi wanangoja. Wakati wa vita ya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, inakadiriwa kuwa tani 17,000 za dawa zilizoingia hazikufaa kwa lolote, na kuziteketeza kulihitaji fedha na mahali. Nyingi zilikuwa masalia ya makabati ya watu wenye huruma kabisa.

Zirudisheni duka la dawa ziteketezwe kwa utaratibu. Ila kiti cha magurudumu, magongo, godoro la kuzuia vidonda vya mgandamizo au pakiti za nepi za watu wazima ambazo hazijafunguliwa, hivyo ulizieni wodi au kikundi cha wanaohudumia wagonjwa majumbani. Mara nyingi hupokewa kwa mikono miwili.

Tunataka kupeleka maziwa ya kopo wodi ya wazazi kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wetu.

Hongereni, lakini msipeleke. Kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama ilipitishwa mwaka 1981, na mwaka 1994 Baraza la Afya Duniani likaongeza kwamba vibadala hivyo visitolewe bure wala kwa bei ya chini mahali popote katika huduma za afya. Mama akianza na kopo la bure wodini, maziwa yake yanapungua. Akifika nyumbani kopo limekwisha na la kununua hana, au maji ya kulikorogea si salama. Wapo watoto wachache wanaolihitaji kwa sababu za kitabibu, na hao hospitali huwanunulia yenyewe. Muulizeni muuguzi mkuu wa wodi anakosa nini. Huenda ni kofia na blanketi za watoto njiti.

Nina akiba ndogo ninayotaka kuitoa kila mwezi. Niipe hospitali au miradi ya afya ya jamii? Ndugu zangu wanasema hospitali ndiko watu wanakofia.

Ndugu zako wana hoja, ila wengi wangeweza wasifike huko. Kama huna deni la moyo kwa hospitali fulani, mimi ningeielekeza kwenye afya ya jamii, kwa sharti moja nitakalolieleza.

Chukua mfano wa BRAC, shirika la Bangladesh. Kati ya 1980 na 1990 watumishi wake walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha. Walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Ninachokipenda katika mpango huo ni namna walivyolipwa. Baada ya siku kadhaa mkaguzi alikwenda kwa baadhi ya akina mama waliofundishwa, akapima wanakumbuka nini, na ujira wa mwalimu ukafuata kumbukumbu ya mama. Hakuna aliyelipwa kwa kuhesabu vichwa kwenye mkutano. Mradi ukikuletea ripoti ya "watu waliofikiwa", ulizia walichobaki nacho.

Mfano mwingine ni usubi, ugonjwa wa upofu unaoenezwa na nzi wa mitoni. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Ni ahadi kubwa, lakini kidonge bure kilichokaa ghalani hakimsaidii mtu. Kazi ilisonga pale vijiji vyenyewe vilipoanza kuchagua wagawaji wao na kupanga siku za kugawa. Colombia ikathibitishwa mwaka 2013 kuwa ya kwanza duniani kuutokomeza, na Niger mwaka 2025 ikawa ya kwanza Afrika.

Sasa sharti langu. Uliza kama wahudumu wa afya ya jamii wanalipwa. Miradi mingi huwapa fulana, baiskeli na cheti, kisha hushangaa mbona wanaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka walipwe kulingana na kazi na saa zao. Watoaji hawapendi kulipia mishahara. Wanapenda vitu vinavyoonekana. Lakini chandarua hakimtembelei mjamzito kumuuliza kama kichwa kinamuuma.

Wala usizitenganishe hospitali na afya ya jamii kama mahasimu. Mhudumu akiwaelekeza hospitali wajawazito watatu, na wote watatu wakarudi kwa sababu hakukuwa na mkunga wa zamu, wa nne hatamsikiliza. Ukipata mpango ambao hospitali ndiyo inayosimamia wahudumu wa vijijini, na mgonjwa aliyeelekezwa anafuatiliwa mpaka arudi nyumbani, mchango wako umeshapata mahali.

Taasisi ninayoichangia imeandika kwamba asilimia 22 ya fedha huenda kwenye utawala. Si ni nyingi mno? Nyingine inasema ni 5.

Ningeishuku hiyo ya 5 kabla ya hiyo ya 22. Mhasibu, mkaguzi wa hesabu, anayenunua dawa kwa bei nzuri, anayehakikisha jokofu halikuzimika usiku, wote huandikwa chini ya utawala. Ukimwondoa mtunza ghala kupunguza asilimia, dawa zitaisha muda wake rafuni, na kwenye ripoti yako asilimia itaonekana nzuri sana. Mwaka 2013 viongozi wa taasisi tatu za Marekani zinazowapa watoaji taarifa kuhusu mashirika ya hisani, ikiwemo Charity Navigator, waliandika barua ya wazi wakiwaomba watu waache kuhukumu kwa kipimo hicho peke yake.

Dai hesabu zilizokaguliwa. Angalia kama ni za miaka mfululizo, na kama ripoti inathubutu kutaja kilichoshindikana. Na ukiweza, usiifunge fedha yako kwenye kitu kimoja. Hospitali inaweza kuwa na mamilioni ya mradi fulani benki huku ikikosa ya kununua dizeli ya jenereta.

Sina fedha kabisa. Naweza kutoa nini?

Damu, kama afya inaruhusu. Chupa moja ni kama mililita 450, na ikitenganishwa inaweza kuwafaa hadi watu watatu. Chembe nyekundu hudumu kama siku 42 kwenye jokofu, lakini chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 hadi 7 tu. Ndiyo maana foleni ndefu siku ya ajali haitoshi: anayetoa kila baada ya miezi michache bila kusubiri tangazo ana faida kubwa kuliko umati wa siku moja. Katika nchi za kipato cha chini, hadi asilimia 54 ya damu inayoongezwa huenda kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi ni wale ambao malaria imewamaliza damu, na mtoto wa aina hiyo hana muda wa kungoja ndugu zake watafutwe.

Tukienda wodini kutoa zawadi tunaruhusiwa kupiga picha na wagonjwa?

Piga picha ya maboksi. Mtu aliye kitandani na dripu mkononi hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Familia yetu inataka kujenga wodi kwa jina la marehemu mama. Fedha za jengo tunazo.

Za miaka kumi baada ya jengo mnazo? Wodi ya vitanda 20 inataka wauguzi wa zamu tatu, maji, shuka, rangi, na paa litakalovuja. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo, mwaka 1284 hadi 1285, aliiwekea wakfu: mapato ya maduka na mali nyingine yakaelekezwa kuilisha na kuilipia, ipokee maskini na tajiri, wanaume na wanawake. Hospitali hiyo ilitibu watu kwa karne nyingi. Majengo mangapi yamezinduliwa kwa utepe na yakafungwa kabla utepe haujachakaa?

Ushauri wangu: jengeni nusu ya mlichokusudia, au msijenge kabisa, na kiasi kilichobaki mkiwekeze ili faida yake ilipie kitu kimoja kila mwaka. Wauguzi wawili wa wodi ya watoto, kwa mfano. Jina la mama linaweza kuandikwa kwenye mfuko vilevile. Muafaka na hospitali uandikwe kwa mwanasheria, useme nani anasimamia mfuko na itakuwaje huduma hiyo ikihamishwa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila wiki kuna mgonjwa anayechangiwa. Nitajuaje wa kweli?

Omba jina la hospitali na namba ya faili ya mgonjwa, kisha lipa kwenye akaunti ya hospitali, siyo kwenye simu ya mtu. Anayechangisha kwa haki hatakasirika. Mwenye kukuharakisha, "daktari anasema ni leo tu", huyo mpigie simu badala ya kumjibu kwa maandishi, na piga pia hospitali. Hawatakueleza ugonjwa wa mtu, wala usiwaulize, lakini ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza jinsi ya kulipa bili yake.

Na kabla hamjaanza kuchanga, kubalianeni fedha zikizidi, au mgonjwa akifariki, zinakwenda wapi. Hospitali nyingi zina mfuko wa wasioweza kulipa. Andikeni hilo juu kabisa ya tangazo, kabla mtu wa kwanza hajatuma chochote.