Jibu: Thamostati ya banda la vifaranga haiingii Home Assistant
Ndugu wa Njoro, umesema thamostati yako ya Wi-Fi (kifaa cha kudhibiti joto la hita) haionekani kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ilhali simu inaingia mtandaoni vizuri. Kabla hujamwita fundi, angalia ruta. Vifaa vingi vya aina hii hushika Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na huenda ruta yako inatangaza 2.4 na 5 kwa jina moja. Tenganisha majina, hamishia simu kwenye 2.4, kisha jaribu upya. Mimi tatizo hili lilinisumbua siku mbili, kumbe ni hilo tu.

Ila usiiachie Home Assistant kazi ya kuwasha na kuzima hita. Niliwahi kufanya hivyo. Stima ikapotea usiku, iliporudi ruta ikakwama, na alfajiri nikakuta vifaranga wamerundikana kona moja, wa chini wamebanwa kufa. Baridi ya Nakuru unaijua. Siku hizi nyuzi 33 za wiki ya kwanza naziweka kwenye thamostati yenyewe. Programu inatazama tu, na kunipigia kelele zikishuka chini ya 30.

Hita yako ya wati 2,000 kwa volti 240 inavuta ampea 8 na ushee. Rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ya ampea 10 huenda isidumu, weka kontakta, yaani swichi ya aina hiyo iliyo kubwa na imara zaidi.